Gumzo la kikundi: «Nyumba ya Segerea»

Jumapili, saa 2 usiku

Zawadi: Assalaam alaykum wote. Baba Mdogo, shikamoo. Naomba msome hadi mwisho ndipo mjibu. Jana nilikuwa na hasira ndiyo maana sikuandika.

Baba Mdogo (Tanga): Waalaykum salaam. Marahaba mwanangu. Haya, sema.

Zawadi: Jana saa 10 jioni yule dalali wa kule stendi alinipigia, ana mteja wa hii nyumba tunayoiuza, wapo njiani. Nikamwambia leo hapana, Mama hajisikii vizuri, waje kesho asubuhi. Akasema sawa. Adhana ya Magharibi inatoka, geti linagongwa. Nafungua, magari mawili. Mteja, mkewe, shemeji yao, fundi, watoto, na madalali watatu, kila mmoja anadai mteja ni wake.

Zawadi: Sijasema karibu wameshaingia. Mvua ilikuwa imenyesha, wamepita na viatu vya tope juu ya mkeka wa sebuleni. Yule mwanamke akasukuma mlango wa chumba cha Mama, hodi hakupiga, akawasha taa, akaanza kupima chumba kwa hatua. Mama yuko kwenye mswala, amesujudu.

Mwanaidi (Mombasa): Ya Rabi. Mamangu yuwasali na mtu anapima chumba?

Zawadi: Mbele yake kabisa, dada. Alipotoa salamu akakuta mtu anamwuliza kitanda ni futi ngapi kwa ngapi.

Hamisi: Na dalali alikuwa wapi wakati huo?

Zawadi: Jikoni na shemeji mtu, wanafungua makabati. Friji pia walifungua. Wengine wakaenda uani, wakavuta mlango wa bafu mpangaji wetu, Mama Ebo, akimwogesha mtoto. Badala ya kuomba radhi wakamwuliza analipa kodi kiasi gani na atahama lini. Mama Ebo ameshalipa miezi sita, na sisi tulimwahidi kwamba jambo lolote atalisikia kwetu kwanza. Alikuja kuniuliza huku analia.

Salum (Mwanza): Hili la Mama Ebo limeniuma sana. Yule mama amekaa na Mama vizuri miaka yote hii.

Baba Mdogo (Tanga): Sisi tumelelewa na mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni wa namna hii anamwacha mwenyeji mgonjwa. Mama yenu anasemaje?

Zawadi: Ametuma sauti lakini imekatika katika. Naiandika kama alivyosema:

«Wanangu, mkeka si kitu, mkeka unafuliwa. Kilichoniuma ni yule fundi. Amesimama sebuleni kwangu anamwambia bosi wake, hapa hakuna nyumba, unabomoa yote, unachonunua ni kiwanja. Mimi nimekaa pale pale nasikia. Nyumba hii baba yenu aliianza na vyumba viwili, tofali tulifyatua wenyewe pale chini ya mwembe, maji nikichota kwa jirani. Akishalipa ni mali yake, abomoe. Ila asinibomolee ningali ndani.»

Mwanaidi (Mombasa): Basi tusiuze. Mama akae kwake.

Zawadi: Dada, nimemwuliza hilo. Kuuza anataka. Anasema masika zote mbili zilizopita maji yalifika barazani, na magoti hayamruhusu tena kubeba vitu kupandisha juu ya meza usiku. Anataka kwenda kwa Mama Mkubwa Muheza. Asichotaka ni kudharauliwa wakati anasubiri.

Salum (Mwanza): Kuna jingine. Jamaa yangu kanitumia tangazo, anauliza hii si nyumba yenu? Nimekuta picha kumi na kitu. Chumba cha Mama kimo, na kitanda, na meza yenye dawa zake za presha, unasoma hadi jina lake kwenye karatasi ya dawa. Bei wameandika milioni 145. Na chini: «Mwenye nyumba ana shida, bei inaongeleka.»

Hamisi: 145? Sisi tulimpa 120.

Salum (Mwanza): Hiyo 25 ni cha juu chake. Akipatikana mtu wa 145, sisi tunapewa 120 yetu na kamisheni bado anatudai. Akija mwenye 120 yake mkononi, anaambiwa haitoshi, anaondoka bila sisi kujua kama alikuja.

Hamisi: Na hilo neno la «ana shida» ndilo linatuletea watu wa milioni 60. Wanajua kabla ya kufika kwamba hapa pa kukamua.

Baba Mdogo (Tanga): Hamisi, nenda naye taratibu. Dalali ukimfukuza kwa matusi, kesho anatangaza mtaani kwamba nyumba ina mgogoro wa mirathi. Hapo hata mteja wa kweli anakimbia. Nimeona nyumba ya mtu hapa Tanga imekaa miaka kwa maneno ya namna hiyo, na mgogoro wenyewe haukuwepo.

Hamisi: Nimekuelewa Baba Mdogo. Matusi hayatakuwepo. Lakini nataka wote muone tatizo lilipo, maana nimelifikiria tangu asubuhi.

Hamisi: Mteja anapokuja kuona nyumba, anamlipa dalali hela ya kuonyeshwa. Huyu wetu anachukua 30,000 kwa kila mteja, nyumba inunuliwe isinunuliwe. Wakija wateja watatu kwa siku, ana 90,000 na siku yake imekwisha vizuri. Sisi tunadhani ana haraka ya kuuza, kumbe anakula kwa kuonyesha. Kwa hesabu hiyo, mtu asiye na hela akiletwa kupitisha jioni, dalali hana hasara. Hasara ni ya Mama, anayefunguliwa mlango akiwa kwenye swala.

Zawadi: Ndiyo maana hata yule kijana aliyekuja na mchumba wake wiki ile, walipiga picha tu barazani wakaenda zao.

Hamisi: Sawasawa. Sasa mkimwondoa huyu mkaweka mwingine, mambo yatakuwa yale yale kama hatukubadilisha anavyolipwa na anavyoingia.

Mwanaidi (Mombasa): Huku Kenya wakala wa nyumba yuwatakiwa awe amesajiliwa, kuna Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, na bodi yake. Mabroka wa kando wamejaa vilevile, siwadanganyi. Lakini aliyesajiliwa akikukosea una mahali pa kumshitaki. Huko kwenu mtamkamata na nini?

Hamisi: Kwa maandishi. Hati sasa ina jina langu kama msimamizi wa mirathi, kwa hiyo hakuna mwingine anayeweza kusaini mauzo. Nitaandikiana na dalali mmoja tu, siyo watatu. Bei 120, hakuna cha juu. Kamisheni asilimia 5, tunalipa sisi siku hela ya mwisho ikiingia. Miezi mitatu, asipouza tunaachana kwa heri. Hela ya kuonyeshwa kwenye nyumba yetu hachukui. Akikataa hilo basi nimejua alichokuwa anakitafuta.

Salum (Mwanza): Na picha?

Hamisi: Zinatolewa zote. Nitampa picha tatu: nje, sebule, na kiwanja kutoka getini. Vyumba vya kulala na uani kwa Mama Ebo hapana.

Salum (Mwanza): Mkumbushe kwamba kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake ipo. Dawa za mtu na jina lake si kitu cha kuweka kwenye tangazo. Usimtishe, mwambie tu kwamba tunajua.

Baba Mdogo (Tanga): Na hati? Maana mwaka jana wapo walioniomba «piga picha hati nitumie», nikakataa.

Hamisi: Hati haitoki kabatini, na haipigwi picha kwa simu ya mtu. Mteja aliyekwisha kutaja bei na kukubaliwa, nampa namba ya kiwanja na kitalu, anakwenda mwenyewe ofisi ya ardhi kufanya upekuzi. Atakuta jina langu, atakuta hakuna mkopo wala zuio. Hati yenyewe ataiona kwa mwanasheria, mbele ya watu. Mnunuzi mwenye akili atapenda hivyo, kwa sababu na yeye anaogopa kutapeliwa kuliko sisi.

Mwanaidi (Mombasa): Hapo nimekubali. Lakini muulizeni Mama saa zake. Msipange nyie mkampelekea.

Zawadi: Ngoja nimpelekee simu.

Zawadi: Amesema: Ijumaa hapana kabisa. Siku nyingine kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 6 mchana. Alasiri ikishaingia asije mtu. Waarifu siku moja kabla. Wasizidi wanne na fundi wao akiwemo. Viatu barazani. Na kila mlango hodi, ukiwa wazi au umefungwa. Anataka Kaka Hamisi awepo, au mimi na mtu mzima mwingine. Anasema pia mambo ya bei na ya kubomoa wakazungumzie garini.

Salum (Mwanza): Mama amemaliza kila kitu.

Zawadi: Ameongeza jingine. Mnawakumbuka wale walimu, mume na mke? Walikaa wakanywa chai. Mama aliwaonyesha mwenyewe mstari wa maji ukutani, akawaambia masika inafika hapa, mtaro wa jirani umeziba, mkinunua anzeni na mtaro. Yule mume akachuchumaa akaangalia mstari kwa karibu, akauliza ni mwaka gani, na choo huwa kinajaa? Mke akaenda uani na mimi, akapiga hodi, akamsalimia Mama Ebo kabla ya kutazama chochote. Walitaja 105.

Hamisi: Nawakumbuka. Dalali aliniambia hawana hela.

Zawadi: Kwa sababu walitaja 105 na yeye alikuwa kwenye 145. Mama anasema watafutwe. Namba ya mke ninayo, alinipa mwenyewe akitaka kujua dawa ya mchwa tunayotumia.

Baba Mdogo (Tanga): Mama yenu aliwaambia habari ya maji na bado wakataja 105? Hao wanunuzi. Mtu aliyeona ubaya wa nyumba akabaki mezani, mshikilieni.

Mwanaidi (Mombasa): Lakini dalali aliwaleta yeye. Msimruke, mtakula jasho la mtu.

Hamisi: Hatumruki. Wakinunua, asilimia 5 yake anapata kama kawaida, hata kama mengine yametushinda.

Jumatatu, saa 1 usiku

Hamisi: Nimekaa na dalali ofisini kwake leo. Mwanzo alipandisha sauti, eti tunamfundisha kazi. Nikamwacha amalize. Nikamwuliza, nyumbani kwa mama yako wakiingia watu na viatu wakati anasali, utawaacha? Akanyamaza kidogo. Akasema wale wenzake wawili walijileta, wanamfuata akiwa na mteja. Nikamwambia hiyo ni ya kwako na wenzako, getini kwetu unaingia wewe peke yako.

Hamisi: Amesaini. Kwenye hela ya kuonyeshwa alisumbua sana, lakini asilimia 5 ya maandishi ilimtuliza, maana anasema wenye nyumba wengi humkimbia akishawapatia mteja. Hilo nimeliona ni la haki, na yeye ana watu waliomdhulumu.

Salum (Mwanza): Lile tangazo limeondolewa. Nimeangalia sasa hivi, picha za chumbani hazipo. Jamaa yangu naye kafuta alizokuwa nazo.

Zawadi: Yule mwalimu amepokea. Anasema walidhani tumeshauza, dalali aliwaambia hivyo. Watakuja Jumamosi saa 4 asubuhi, wao wawili na fundi mmoja wa kuangalia paa na msingi. Ameuliza kama Mama anakunywa kahawa au chai, wanataka kuja na kitu.

Mwanaidi (Mombasa): Masha Allah. Mwambie Mama yuwapenda kahawa ya tangawizi.

Hamisi: Mimi nitafika saa 3. Zawadi, Mama Ebo anajua?

Zawadi: Nimemwambia nilipotoka kazini. Nimemweleza pia kwamba kodi yake ya miezi sita itaandikwa kwenye mkataba wa mauzo, atakayenunua asimtoe kabla haijaisha. Ameomba fundi asiende uani mpaka awe amemaliza kumwogesha mtoto.

Hamisi: Aanze na paa basi. Uani watakwenda Mama Ebo akisema tayari.