Naomba ushauri: nataka kujifunza kusoma kiganja na nyota

Habari zenu wakuu. Niko Temeke, Dar. Tangu utotoni nilipokuwa namsikiliza Sheikh Yahya Hussein, unajimu haujanitoka moyoni, na sasa nimeamua kujifunza.

Kiganjani nimeshaijua mistari mitatu: wa moyo, wa kichwa na wa uhai. Kinachonitatiza, wa uhai mkono wa kushoto umeshuka mzima hadi karibu na kifundo, wa kulia umekatika katikati. Nisome upi?

Kwenye nyota ndiko nimekwama zaidi. Nyota inayochomoza (ile inayopanda upande wa mashariki mtu anapozaliwa) hubadilika takriban kila saa 2, na mama anakumbuka tu kwamba nilizaliwa adhana ya alfajiri ikilia. Hiyo inatosha kupanga nyumba 12, yaani yale mafungu ya chati ya nyota yanayohusu mambo ya maisha kama kazi na ndoa? Na mwalimu wa kweli nitamjuaje? Waganga wa mabango sitaki, dada yangu walishamla hela.