Brutus Alikata Shauri Kwanza, Ndipo Akatafuta Sababu

Mchangiaji aliyetangulia ameshikilia kwamba Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar, mtawala wa Roma, katika tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, ile aliyoifasiri Mwalimu Nyerere mwaka 1963, ni mwadilifu aliyeponzwa na marafiki wabaya. Ushahidi wake mkubwa ni sifa za Antony, rafiki wa Caesar, mwishoni, anaposema kwamba katika wauaji wote ni Brutus peke yake ambaye hakuongozwa na husuda. Kwa heshima zote, ushahidi huo siukubali. Antony amekwisha kushinda vita na adui yake ni maiti, hivyo kumsifu hakumgharimu kitu.

Tumsikilize Brutus mwenyewe akiwa peke yake bustanini usiku, mwanzoni mwa tendo la pili. Anaanza kwa kutamka kwamba hapana njia ila Caesar afe, na baada ya hapo ndipo anapoanza kusaka hoja. Anakiri kwamba yeye binafsi hana ugomvi naye, anakiri pia kwamba hajapata kumwona akizidiwa na matamanio hata akili ikamtoka, kisha, akiona kuwa Caesar wa leo hatoi sababu ya kutosha, anajielekeza amfikirie kama yai la nyoka, auawe angali ndani ya ganda. Huyu ni hakimu aliyeandika hukumu kabla ya kumwita shahidi.

Mtasema kwamba Cassius, mwenzake katika njama, alimchochea, na ni kweli, kwa maana Brutus mwenyewe anasema kuwa tangu achochewe hajapata usingizi. Hata hivyo kuchochewa si kulazimishwa, na ile barua ya kughushi ya Cassius inayookotwa dirishani inamfikia akiwa amekwisha kukata shauri. Kosa la kumruhusu Antony ahutubie katika mazishi ya Caesar, hotuba iliyowageuza watu dhidi ya wauaji, sitalikawilia, kwani kila mwanafunzi analijua, ila naliona limetoka katika kasoro ileile: Brutus anaamini kwamba yeye akishajiridhisha, basi Roma nzima imeridhika.

Jambo linalopita bila kuguswa katika mjadala huu ni ugomvi wa hemani karibu na mji wa Sardis, katika tendo la nne. Brutus anamkaripia Cassius kwa kupokea rushwa, anamkumbusha kwamba Caesar aliuawa kwa ajili ya haki, na kabla hasira haijapoa anamlaumu kwa kumnyima dhahabu ya kuwalipa askari wake, kwa kuwa yeye Brutus hawezi kuwakamua wakulima vijisenti vyao kwa njia chafu. Mikono yake iwe safi, lakini mshahara wa jeshi lake utoke katika mikono anayoiita michafu! Wanaomtetea wanijibu hapo, wakiwa na maneno yake mbele yao: dhahabu ile aliyoitaka, alidhani Cassius angeitoa wapi?