Mzee kahesabu milioni sita yangu mpaka noti ya mwisho, kanirudishia, halafu kaniongezea ELFU MBILI ya bajaji!!!

Chuma cha Soweto (#1)

Wakuu, nimeingia ndani sasa hivi, sijavua hata viatu. Mke wangu kaniwekea ugali, nauangalia tu. Naandika mikono inatetemeka, herufi zikirukaruka mnisamehe.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule mzee wa Uyole, hapa Mbeya, mwenye pama, mwenye Land Rover 109 chini ya mparachichi. Ukishapinda njia ya Tukuyu huwezi kuikosa, ipo pale tangu mimi nina meno ya utoto. Leo huyo mzee kanipa elfu mbili. Mimi. Mtu mzima mwenye watoto watatu.

Ngoja nianze vizuri. 2021 nilimuuliza bei akasema, "Nipe tatu uitoe hapa, mama yenu anataka kupanda maharage." Tatu! Nikajikuta sina. Baadaye ukaja ule msafara wa Land Rover kule Arusha, Oktoba 2024, zimepangana kutoka huku mpaka kwa Mungu, na mjukuu wake asiye na huruma akamwonyesha video kwenye simu. Tangu siku hiyo mzee haiiti gari. Anaiita "klasiki". Nikapita tena akasema sita. Sawa, nikajichanga mwaka mzima, nikauza mahindi kwa bei ya kulia, mwisho nikauza na pikipiki yangu. Kumbukeni hapo kwenye pikipiki. Jana usiku nikampigia, akasema, "Sita hiyohiyo, mwanangu, njoo asubuhi."

Nimefika, shikamoo, marahaba, nimekaribishwa kiti, nimeletewa chai na kiazi kitamu. Nikamkabidhi bahasha. Wakuu, mzee akavaa miwani. Akalowesha kidole. Akahesabu noti mia sita za elfu kumi MOJA MOJA. Zenye kona zilizokunjika anazinyoosha kwenye paja. Akifika mia anazitenga, anakunywa chai, anaendelea. Mimi nimekaa pale natabasamu kama bwana harusi. Akamaliza, akasema, "Zimetimia." Halafu akazirudisha kwenye bahasha, akanisukumia. "Ila bei imepanda. Kuna watu wa Dar wamepiga simu. Ni kumi na nne."

KUMI NA NNE.

Na hapo bado sijakasirika. Hapo nilikuwa nimeduwaa tu. Nikasimama niage. Mzee akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa elfu mbili, imekunjwa mara nne, akasema, "Shika mwanangu, upande bajaji, jua kali. Nasikia pikipiki umeuza."

Na mimi mjinga NIKAPOKEA KWA MIKONO MIWILI. Nikapiga na goti kidogo. Nikasema ahsante baba!!

Kumi na nne ya nini, wakuu? Kiti cha nyuma kuna kuku kaatamia, mayai tisa, nimehesabu. Bodi ni alumini kweli, haishiki kutu, hilo kila anayepita anaimbiwa. Chesisi je? Chesisi ni chuma! Nimeigusa kwa bisibisi, bisibisi imezama mpaka kwenye mpini kama naichoma keki. Anasema ni ya 1962. Grili ya plastiki, dashibodi iko mbele ya usukani, hiyo ni Series III, zilianza 1971! 1962 labda ni yeye alivyoanza darasa la kwanza. Nikafungua boneti nione injini, nakuta injini ya Hiace imefungwa kwa nondo, waya na maombi ya mama mchungaji. Klasiki ya Hiace. Na kadi ya gari ina jina la marehemu kaka yake.

Haya yote ningeyameza. Ila ile elfu mbili. Nipo kwenye bajaji naishika mkononi, yule simba wa kwenye noti ananikodolea macho kama anajua.

Ahsante baba!! Nimesema mimi hivyo, kwa mdomo wangu.

Siti ya Mbele (#2)

Nimewahi. Mwenye karanga asogee.

Mwalafyale Mdogo (#3)

Umepokea kwa mikono miwili?

Chuma cha Soweto (#4)

Mwalafyale, mzee ananyoosha mkono mbele ya mkewe na wajukuu, wewe ungepokea kwa mguu? Nimelelewa mimi. Ndiyo tatizo langu lote hilo.

Mwalafyale Mdogo (#5)

Na goti.

Spana Kumi na Tatu (#6)

Nasema kama fundi. Kwanza usiitukane injini ya Hiace. Ile ya petroli ya lita 2.25 iliyotoka nayo kiwandani inakunywa mafuta kama imeachwa na mchumba. Aliyeitoa alikuwa na akili, na wala si yeye peke yake, nusu ya 109 zinazotembea mikoa yetu hii zimeshapandikizwa moyo wa Kijapani. Pili, chesisi inachomelewa, tunachomelea kila siku. Tatu, hukwenda na fundi. Mtu anabeba milioni sita anaacha fundi nyumbani ili asimlipe elfu thelathini. Elfu mbili imekutosha.

Kikokotoo (#7)

Mleta uzi ana hasira lakini hesabu hajui. Land Rover waliacha kutengeneza Defender ya zamani Januari 2016. Za Series III zilikoma 1985. Hakuna mpya inayozaliwa, zilizopo zinakufa, na Wazungu nao wanazitafuta kama lulu. Ukisema uagize ya kwako toka nje, gari ikizidi miaka kumi ushuru wa uchakavu peke yake asilimia 30, hapo hujalipa mengine. Sasa mzee wa watu ana moja kwenye shamba la maharage, kwa nini asiseme kumi na nne? Mwakani atasema ishirini na wewe utarudi na shikamoo yako.

Chuma cha Soweto (#8)

Kikokotoo, mimi sijakataa bei kupanda. Ipande mpaka Rungwe juu kabisa, ikapige picha. Swali langu ni moja: KWA NINI ULIHESABU? Kama bei umeshapandisha kichwani, noti mia sita unazinyoosha kona za nini? Alikuwa anazihesabu kwa raha zake! Halafu ndiyo anitolee elfu mbili!

Mama Mirathi (#9)

Mdogo wangu, hapo kwenye kadi ndipo Mungu amekuokoa, wewe unalilia nauli. Jina la marehemu maana yake uanzie kwenye mirathi: kikao cha ukoo, msimamizi ateuliwe mahakamani, ndipo muende TRA kubadilisha umiliki. Na siku hiyo ndiyo utawajua watoto wa marehemu aliozaa Chunya. Mimi nimefuatilia trekta la shemeji miaka minne.

Miyomboni Kwetu (#10)

Kamwene wote. Afadhali yako umehesabiwa. Mimi kuna mwalimu mstaafu Mafinga ana Peugeot 504 nyeupe, saluni, nimeifukuzia toka niko sekondari. Alikuwa anabebea kabichi. Kabichi! Mwaka juzi bwana harusi mmoja akaikodi, wakaifunga maua, wakapiga picha kwenye mashamba ya chai. Imekwisha habari yake. Sasa gari inafunikwa shuka. Nikienda kuulizia bei naambiwa nisubiri, ina harusi. Juzi nimeambiwa nikitaka kuiona tu, bila kuigusa, elfu tano.

Chuma cha Soweto (#11)

Miyomboni pole sana, ila wewe angalau HUJAPEWA hela.

Chai Rangi (#12)

Hii ni chai, tena ya Mufindi. Milioni sita taslimu kwenye bahasha, kutoka Soweto mpaka Uyole, mtu anaandika humu analalamikia elfu mbili. Weka picha ya hiyo noti.

Chuma cha Soweto (#13)

Siwezi kuweka picha, nimempa dereva wa bajaji. Na nikamwambia abaki na chenji, nisiione tena!!

Jangwani Daima (#14)

Kwa hiyo umeingia na milioni sita, umetoka na Simba mmoja mfukoni, na bado umefungwa. Kawaida ya hao.

Mnyama wa Mbalizi (#15)

Jangwani usilete mambo yako. Simba ndiye aliyemrudisha nyumbani. Nyinyi noti yenu iko wapi?

Jangwani Daima (#16)

Sisi hatutumiki kulipia bajaji.

Rova (#17)

Nimesoma huu uzi machozi yananilenga. Mimi nimezaliwa ndani ya 109. Sitanii. Njia ya Makete, masika, matope mpaka kwenye vitasa, mama kashikwa na uchungu, gari imezama. Wanaume wakashuka kusukuma, wanawake wakashika kanga kuzunguka. Dereva aliambiwa asizime injini ili kuwe na joto. Nikatoka mimi, na gari ikatoka. Baba alitaka kuniita Anyambilile, bibi akasema huyu ni Rova. Mpaka leo nikisikia giaboksi ya 109 inalia nanyamaza kama mtoto aliyepewa ziwa. Kumi na nne ni ndogo.

Spana Kumi na Tatu (#18)

Giaboksi ikilia hivyo ujue oili imekwisha, Rova.

Shangazi wa Makambako (#19)

Nyie mnalilia magari. Mimi mume wangu alisikia kwenye vijiwe kwamba cherehani za Singer za zamani zina zebaki ya mamilioni. Nimetoka kanisani namkuta kaifumua cherehani ya mama yangu mzazi, iliyonisomesha, ameitawanya kwenye gunia kama mbuzi wa Krismasi. Hakukuta kitu zaidi ya oili na pini mbili. Nimempigia fundi airudishe, kasema spea hazipo, za kizamani zimepanda bei. Sasa nani wa kulia humu?

Miyomboni Kwetu (#20)

Shangazi, umeshinda.

Kitonga Gia Moja (#21)

Swali nje ya mada kidogo: hiyo 109 yenye injini ya Hiace inapandisha Kitonga na mzigo?

Spana Kumi na Tatu (#22)

Inapandisha vizuri tu, ukiwa na subira.

Kitonga Gia Moja (#23)

Subira gani? Mimi nilipanda na ya mjomba, tumeanza Mahenge asubuhi, tumepitwa na lori la mbao, tumepitwa na baiskeli iliyoshika lori la mbao, tumefika juu abiria wawili wameshakuwa wachumba.

Jirani wa Mparachichi (#24)

Ndugu zangu, naomba nitoe taarifa. Mimi nakaa nyumba ya tatu kutoka kwa huyo mzee. Nimemsomea uzi wote, amecheka mpaka pama imedondoka. Ametoa majibu mawili. La kwanza, alihesabu kwa sababu hajawahi kushika milioni sita kwa mkono na hakujua kama atashika tena. La pili, bajaji ya kuchangia kutoka pale mpaka Soweto haifiki elfu mbili, kwa hiyo anaomba chenji yake.

Chuma cha Soweto (#25)

CHENJI????

Mwalafyale Mdogo (#26)

Mpelekee kwa mikono miwili.

Chuma cha Soweto (#27)

Jirani, mwambie mzee wako siji tena Uyole maisha yangu yote. Nikiwa naenda Tukuyu nitazungukia Malawi.

Jirani wa Mparachichi (#28)

Amesema ukija Jumapili na tisa, anaweza kukusikiliza. Kuku ameshatotoa.

Chuma cha Soweto (#29)

Tisa pamoja na chesisi hiyo? Mwambie saba na nusu, na achomelee yeye.

Chai Rangi (#30)

Si ulisema maisha yako yote?

Hass wa Rungwe (#31)

Samahani wakuu, huo mparachichi ni hass au wa kienyeji?

Jirani wa Mparachichi (#32)

Wa kienyeji, yale makubwa ya majimaji. Ila nyuma ya nyumba mzee ana kitalu cha hass, miche imebebeshwa vizuri.

Hass wa Rungwe (#33)

Mche shilingi ngapi?

Chuma cha Soweto (#34)

WAKUU UZI NI WA GARI.

Jirani wa Mparachichi (#35)

Elfu tatu.

Siti ya Mbele (#36)

Mleta uzi angetunza ile elfu mbili, angeongeza buku anapanda mti.

Shangazi wa Makambako (#37)

Hass huku kwetu inakubali? Na mwaka wa ngapi inaanza kuzaa?

Hass wa Rungwe (#38)

Wa tatu hivi, shangazi, ukiitunza. Inakubali sana huko. Jirani, nataka miche mia mbili. Niambie nije siku gani, na kama bei itakuwa ileile nikifika.