Naomba ushauri: mdogo wangu anataka baiolojia ya molekuli, mzee anataka udaktari

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Kaka yetu ana ugonjwa wa selimundu (sickle cell), na binti huyu amekesha naye wodini mara nyingi, akimkanda miguu kwa maji ya moto huku kaka anauma shuka kwa maumivu. Tangu asikie kwamba ule mkasi wa kukata vinasaba (CRISPR), waliouonesha wanasayansi Doudna na Charpentier mwaka 2012, umezaa tiba ya selimundu iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani 2023, haambiliki. Kwangu mimi ana hoja nzito. Mliosoma fani hii hapa Tanzania, ajira mlipata wapi? Na mzee nimwelezeje akaelewa?