Naomba ushauri: gesi ya udongo kwenye mbuga za nyasi inaruka mvua ikinyesha

Wakuu habarini, naomba msaada kwa wanaojua mambo ya udongo. Napima kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini kwenye tambarare za nyasi za Serengeti, natumia chemba ya kufunika juu ya pete iliyozikwa, na pale pale nachukua joto na unyevu wa udongo wa juu. Shida ni kiangazi, joto linapanda lakini gesi inashuka kwa sababu vijidudu na mizizi havina maji, halafu ikinyesha hata kidogo tu namba zinaruka ndani ya masaa machache kisha zinashuka tena. Hii ndo ile hali aliyoieleza mtafiti wa udongo Birch akiwa Muguga kule Kenya mwaka 1958, so sidhani kama mashine mbovu. Nimejaribu fomula ya Q10 (yaani gesi inaongezeka mara ngapi joto likipanda nyuzi 10), ya joto peke yake, ikagoma, nikaongeza unyevu ikawa afadhali ila siku za mvua bado haishiki.

Je, siku hizo nizitenge nizifanyie hesabu zake au nibaki na modeli moja? Na mvua ikinyesha jioni, nipime usiku huohuo au asubuhi inatosha? Naogopa sana kukosa kile kilele, jumla ya mwaka itatoka ndogo kuliko ukweli.