Kivumbasi kwa mtoto mchanga: majani au mafuta ya chupa?

Mama wa Bububu:
Assalaam alaykum. Mbu wa masika haya wametuzidi. Mama mkwe kaja kutoka Wete na fungu la kivumbasi, ananiambia nikifikiche nimpake mtoto miguuni. Mume wangu naye kanunua Darajani kichupa cha mafuta, kimeandikwa kivumbasi. Mtoto ana miezi mitano. Nitumie kipi?

Bibi wa Konde:
Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Hicho kichupa kiweke juu ya kabati. Gunia zima la majani hutoa mafuta ya vijiko tu, ndiyo maana yana ukali vile. Sie Wapemba mafuta hatufundishwi: pale Wawi makonyo ya karafuu, vile vijiti vyake, hupikwa kwa mvuke yatoe mafuta, na ile harufu inayokupiga puani, wataalamu wanaiita yujenoli, imo pia kwenye baadhi ya vivumbasi. Ikipakwa bila kuchanganywa huunguza ngozi, na mtoto akiimeza ni balaa.

Hayo majani nayo, kwetu mtoto mchanga hapakwi, mama mkwe anisamehe. Matawi mabichi tunachomeka dirishani na uvunguni mwa kitanda. Ikikaribia magharibi, unatia makavu kidogo juu ya makaa kwenye chetezo, unafunga chumba, nyote mnatoka barazani. Moshi ukishamalizika ndipo mtoto aingizwe, na chandarua kishushwe. Anayejifikichia miguuni ni mkubwa, akiwa anakwenda bondeni jioni. Na nusa kwanza usije ukachanganya: mrehani, ule unaotiwa kwenye vikuba vya maua, una harufu tamu, kivumbasi kinakwaruza koo.

Nesi wa Fuoni:
Bibi kamaliza. Magharibi ya Kenya watafiti walijaribu kuweka vyungu vya kivumbasi majumbani. Mbu walipungua, hawakwisha. Kwa hiyo chandarua kipo pale pale. Na mtoto akipata homa msimfukize nyungu, mleteni kituo cha afya. Kipimo cha malaria ni bure, tone la damu tu, na jibu mnapata hapo hapo.

Mama wa Bububu:
Ahsanteni sana. Shikamoo bibi. Baba mtoto anauliza, na kichupa chake akifanye nini? Kakinunua ghali.

Bibi wa Konde:
Marahaba. Atie tone moja au mawili kwenye kijiko cha mafuta ya nazi, ajaribu kwanza mkononi. Lisipomuwasha, ajipake miguuni akienda kuangalia mpira. Akirudi anawe kabla hajambeba mtoto.