Mrejesho: niliyemuunga mkono alijitoa, nimeamua hivi

Jamani ahsanteni. Kwa aliyenikosa: niliuliza nimfuate nani baada ya mgombea wangu wa uwakilishi wadi, huku kwetu Likoni, Mombasa, kujitoa wiki mbili kabla ya mchujo wa chama na kutuamuru tumpe kura tajiri mmoja aliyekuwa akimponda jana yake.

Wengi mlisema nisimwangalie mtu, niangalie kilichonifanya nimpende yule wa kwanza. Kwangu ni maji. Nakaanga mahamri, na mfereji ukikauka wenye mikokoteni wanapandisha bei ya mtungi watakavyo.

Basi yule tajiri alipokuja barazani kwa mzee wetu, kahawa mkononi, nikamuuliza. Akaahidi shule ya upili na kituo cha polisi. Nikamwambia, "Mwanangu, hayo ni ya serikali kuu, Katiba ya 2010 imegawa. Kaunti ina chekechea, zahanati, maji." Akacheka, akanunulia baraza zima kashata. (Nilikula yangu, siwafichi.)

Wa pili, binti mmoja asiye hata na gari la kampeni, alikuja jikoni kwangu. Akafungua mfereji, ukatoa upepo tu. Akauliza umekauka tangu lini na bomba linapasuka wapi, akaandika kwenye daftari. Hakuahidi kitu.

Nimempigia kura huyo. Kashindwa, tena vibaya.

Mume wangu ananitania kila asubuhi. Ila juzi binti kapita na daftari lake, tukaandikiana barua ya kupeleka kaunti, majirani kumi na mmoja wametia saini.